Pedali ya kushusha sauti hailegezi nyuzi
Wako wapiga gitaa wa kwaya na bendi hapa Mbeya wanaoamini kwamba pedali ya kushusha sauti, yaani kifaa cha kukanyaga kinachofanya noti zisikike nzito zaidi (si kupunguza ukubwa wa sauti), hulegeza nyuzi za gitaa la umeme. Sivyo. Pedali hupokea mawimbi ya umeme kutoka kwenye gitaa, huyashusha kidijitali, kisha huyapeleka kwenye amplifaya. Uzi mnene wa noti ya E huendelea kutikisika takriban mara 82 kwa sekunde, ingawa spika, ukishusha toni moja nzima, hutoa noti ya D ya takriban mara 73. Ndiyo maana katika chumba kidogo cha mazoezi, amplifaya ikiwa imepunguzwa sauti, mpigaji husikia sauti mbili zinazogongana, ya nyuzi zenyewe na ya spika, jambo linalokera kweli. Anayetaka nyuzi laini vidoleni bado atalazimika kuzilegeza kwa mkono.