Ofisi mpya ya wakili haianzi na programu ghali

Mawakili wengi wanaofungua ofisi Kisumu huamini kwamba lazima kwanza walipie programu ghali ya kusimamia kesi. Si kweli. Mahakama haiulizi unatumia programu gani. Inataka nyaraka ziingie kwenye mfumo wake wa mtandaoni, ulioanza Nairobi Julai 2020 na kuenezwa nchi nzima 2024. Hapo unahitaji skana nzuri na intaneti ya njia mbili tofauti, moja ikikatika utumie nyingine, maana siku ya mwisho ya kuwasilisha utetezi haingojei stima irudi. Sheria na hukumu zipo bure kwenye tovuti ya Kenya Law.

Pesa utakayookoa iweke kwenye usalama wa faili, na hapa nasisitiza. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu hata ukiwa na karani mmoja tu: data za mteja zikivuja na kuna hatari ya kumdhuru, una saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Basi picha ya hati miliki ya shamba la mteja isikae kwenye WhatsApp ya karani. Fungua baruapepe ya ofisi. Weka nakala mbili zenye nywila, moja nje ya ofisi. Programu kubwa utainunua kesi zikishaishinda kalenda ya kawaida.