Tripodi ya Lenzi Ndefu Mombasa: Yanayosemwa na Yalivyo

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hivyo anayetafuta tripodi Mombasa leo huwa na lenzi begani, si bunduki. Kazi yenyewe lakini ni ileile: kitu kirefu, kizito, kimeelekezwa kwa mnyama wa mbali, na kinatakiwa kitulie tuli. Ncha ya lenzi ya sentimita 30 ikishuka milimita 1 tu, pale alipo yangeyange, mita 30 mbele yako, shabaha imehama sentimita 10.

“Imeandikwa kilo 20, itabeba lenzi yoyote.”

Namba hiyo huandikwa na mtengenezaji kwa kipimo chake mwenyewe. Hakuna kipimo kimoja ambacho wote wanakifuata. Mara nyingi maana yake ni kwamba miguu haitateleza na kujikunja yenyewe. Haisemi kama itajipinda, na kujipinda ndiko kunakoharibu picha. Pima mwenyewe dukani. Fungua miguu yote, shika bamba la juu kwa mikono miwili, ulizungushe kama unayefungua kifuniko cha mtungi. Ukihisi miguu inajisokota halafu inarudi kama springi, iache hapohapo. Kisha funga lenzi yako, kuza picha mara 10 kwenye skrini, igonge lenzi kwa kidole na uhesabu. Picha ikiendelea kutetemeka baada ya sekunde 2, hiyo si tripodi ya lenzi ya milimita 600, hata ingeandikwa kilo 40.

“Ikiwa fupi, unainua mlingoti wa katikati.”

Ukiuinua umeweka mguu mmoja juu ya mitatu. Afadhali upige hesabu kabla ya kulipa. Mtu wa sentimita 170 jicho lake liko kwenye 158 hivi. Toa 12 za kichwa cha tripodi, toa 10 kutoka pleti (bamba la kufungia kamera au lenzi kichwani) hadi kwenye kitazamio cha kamera: miguu peke yake ifike 136. Ongeza 10 nyingine za mteremko na za mchanga, maana ufukweni miguu itazama tu.

“Kichwa cha boli kinatosha kwa kila kitu.”

Kwa lenzi fupi, ndiyo, tufe hilo linalogeuka kila upande linatosha. Kwa lenzi ndefu, uzito wote unakaa juu ya boli, na ukilegeza kidogo tu lenzi inalala upande, inabana vidole na kujigonga kwenye mguu. Gimbali, aina nyingine ya kichwa, huining’iniza lenzi kwenye mhimili wake, nayo hukaa popote unapoiacha, mradi umeisawazisha. Legeza vifungo vyote ukiwa umeishika. Sogeza pleti mbele au nyuma mpaka lenzi ikae mlalo bila kushikwa. Halafu ielekeze juu nyuzi 45 na uiachie taratibu: ikizidi kuanguka nyuma, imekaa juu mno, shusha kitako chake, ikirudi yenyewe mlalo, iko chini mno, kipandishe. Wengi huishia hatua ya kwanza kisha wakakilaumu kichwa. Na pleti ifungwe kwenye mguu wa lenzi, si chini ya kamera, la sivyo uzito wote unavuta mdomo wa kamera.

Kuhusu kutundika begi chini ya mlingoti ili tripodi isitikisike: inasaidia siku isiyo na upepo. Kusi ikivuma pale Mama Ngina, kando ya bahari, begi linageuka pembea na kuitikisa tripodi lenyewe. Refusha kamba mpaka begi liguse chini, au usitundike kabisa. Na kile kitulizi cha ndani ya lenzi, kinachopunguza mtikisiko wa picha, hakizimwi kila mara kama wengi wanavyofundishwa. Baadhi ya lenzi za zamani zinataka kizimwe, nyingi za sasa zinajitambua zikiwa juu ya tripodi. Kitabu cha lenzi yako ndicho chenye jibu.

“Vipande vinene vya miguu hufunguliwa kwanza.”

Kwenye sakafu kavu, sawa kabisa, kwa kuwa kipande chembamba ndicho dhaifu. Kwenye maji ya kupwa kanuni inageuka: fungua kipande cha chini kabisa kwanza, ili vifungo vibaki juu ya maji na mchanga. Kandamiza kila mguu mpaka ugome. Wimbi likirudi linachimba mchanga kuzunguka mguu, basi angalia usawa upya kila baada ya dakika chache. Wakati wa bamvua maji ya hapa hupanda zaidi ya mita 3, na kwenye hori za mikoko huja kimyakimya kutoka nyuma yako.

“Tripodi ya kaboni haishiki kutu, haihitaji kuoshwa.”

Hili ndilo linaloua tripodi nyingi Pwani. Bomba la kaboni kweli haliozi, lakini viungio vyake ni vya alumini na skrubu ni za chuma. Alumini ikigusana na kaboni ndani ya maji ya chumvi huliwa haraka kuliko ikiwa peke yake. Unga mweupe kwenye viungio ndio dalili.

Ukitoka baharini usikunje miguu ikiwa na mchanga. Utauvuta ndani ya vifungo. Mwagia maji kwanza, miguu ikiwa imefunguliwa. Yawe maji matamu: visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na kuosha kwa maji hayo ni kuongeza chumvi juu ya chumvi. Lita 5 za dumu zinatosha. Kwa vifungo vya kuzungusha, fungua mpaka mwisho, chomoa kipande, na uangalie vigamba vya plastiki vimekaaje, maana vikirudi kinyume mguu hautaingia. Sugua nyuzi za skrubu kwa mswaki mkuukuu na sabuni ya vyombo, suuza, anika kivulini. Grisi ipakwe kidogo sana kwenye nyuzi peke yake. Ikigusa bomba, mguu utateleza ukiwa umebeba lenzi.