Kitabu cha hadithi cha mtoto: kilikotoka na kinapokwamia

Ngano za Kiswahili zilipoanza kupigwa chapa, walengwa hawakuwa watoto. Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana, alizikusanya kwa wasimulizi wa Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kwa wageni waliotaka kujifunza lugha. Yeye mwenyewe alieleza katika dibaji kwamba ngano huwa na kiitikio kinachoimbwa na wote waliopo. Kwenye karatasi kiitikio hicho kilibaki maneno makavu.

Kamati ya Lugha, chombo cha kusanifisha Kiswahili katika Afrika Mashariki, ilipoundwa mwaka 1930, miswada ya shule ilianza kupita kwake ili ipate ithibati, na tafsiri zikashika kasi. Mwaka 1940 ilitoka *Elisi katika Nchi ya Ajabu*, tafsiri ya *Alice in Wonderland* ya Lewis Carroll, Elisi akichorwa kama msichana wa Kiafrika. East African Literature Bureau, shirika la vitabu la serikali ya kikoloni, ilifuata mwaka 1948, na Tanzania Publishing House, kampuni ya uchapishaji ya Tanzania, mwaka 1966. Mwaka 1991 ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ambao ulinunua sehemu ya nakala za wachapishaji na kuzipeleka shuleni. Uliwasaidia sana wachapishaji wadogo. Lakini angalia mnunuzi wa miaka hiyo yote: misheni, serikali, shule, mfadhili. Mtoto mwenyewe hakuwahi kuulizwa, ndiyo maana hadithi nyingi huishia na sungura anayehutubia juu ya utii.

Kasoro nyingine ni ya kiufundi. Miongozo ya kupanga vitabu kwa ngazi huhesabu maneno kwa kila ukurasa, kipimo kilichotokana na Kiingereza. Kwa Kiswahili kinapotosha. Sentensi "Hawakumwambia" ni neno moja tu, lakini ina silabi sita na ndani yake mna mtenda, ukanushi, wakati na mtendwa. Mtoto anayeanza hulisoma silabi kwa silabi, na akifika mwisho amekwisha sahau mwanzo. Kwa hiyo hesabu silabi: kwa anayeanza, maneno ya silabi mbili hadi nne yanatosha, sentensi moja au mbili kwa ukurasa. Acha vitenzi virefu vije baadaye, kimoja kimoja, na kila kimoja kirudiwe kurasa kadhaa. Mafungu ya konsonanti kama "ngw" na "mbw" nayo yasirundikwe pamoja.

Kiitikio kirudishwe kazini. Kiweke mahali palepale kila kinapojitokeza, kwa herufi nzito, ili darasa zima liitikie hata kabla halijaweza kusoma mengine. Kompyuta isiachwe ikate maneno mwishoni mwa mstari. Kagua pia alama ya ritifaa ('): ikipotea, ng'ombe huwa "ngombe", na anayejifunza hana namna ya kujua kwamba sauti imebadilika. Maandishi yasikae juu ya picha yenye rangi nyingi.

Kitabu kinachoshonwa kwa pini katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4, kwa kuwa kila karatasi iliyokunjwa hutoa kurasa nne. Hadithi ya kurasa 18 itakuachia mbili tupu, au mchapaji ataomba uikate. Panga 16 au 24 tangu mwanzo. Kisha mpe mtoto mswada ausome kwa sauti kabla mchoraji hajaanza kazi, na utie alama kila anaposita. Picha zikishakamilika, kurekebisha sentensi moja kunaweza kumaanisha kuchora ukurasa upya.