Pasta akienda shule ati anapoteza upako? Wacha tuongee ukweli

Shemeji yangu huchoma mageti na madirisha kule Kariobangi Light Industries, Jumatatu mpaka Jumamosi saa saba, halafu Jumapili ni pasta wa kanisa ya mabati huko Kayole, watu kama sitini hivi ukihesabu na watoto. Mwaka jana akaamua kuanza kozi ya jioni ya theolojia hapa tao, Jumanne na Alhamisi. Unadhani washirika walifurahi? Mama mmoja mzee wa kanisa, mtu tunamheshimu sana, akamwambia waziwazi baada ya ibada, "Pasta, usiende huko, utarudi umekauka." Tangu hiyo siku nimekuwa nikiskia maneno ya aina hiyo kila mahali, kwa matatu, kwa matanga, hata kwa komiti ya harusi, na mengi si kweli, basi wacha niyatoe hapa moja moja.

"Petro alikuwa mvuvi, hakuenda shule yoyote."

Hii ndio inarushwa sana, juu nusu yake ni kweli. Matendo 4:13 inasema Petro na Yohana walionekana watu wasio na elimu. Lakini soma mstari mpaka mwisho bana, wale wakubwa wakawatambua ya kwamba walikuwa pamoja na Yesu. Yaani walikuwa wametembea na mwalimu karibu miaka mitatu, wanakula naye, wanalala mahali analala, umati ukienda wanabaki kumuuliza ule mfano ulikuwa unamaanisha nini, wanatumwa wawili wawili na wakirudi wanamwambia venye mambo yalienda. Kama hiyo si kutreiniwa basi mimi sijui kutreiniwa ni nini, na hakuna kozi ya jioni hapa Nairobi inaweza kukupa masaa mengi hivyo na mwalimu wako. Paulo naye alilelewa miguuni pa Gamalieli, yule mwalimu wa sheria ya Wayahudi, huko Efeso akafundisha kila siku kwa darasa la Tirano miaka miwili, na kwa ile barua ya pili kwa Timotheo, akiwa kifungoni anajua mwisho wake umefika, bado anaitisha joho lake na vile vitabu, hasa vile vya ngozi.

Lakini mwenye mimi humpenda ni Apolo, Matendo 18. Huyu jamaa alikuwa msemaji, hodari kwa maandiko, roho inamwaka, shida ni alikuwa anajua ubatizo wa Yohana peke yake. Priskila na Akila hawakumwaibisha mbele ya watu, walimchukua wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Na hawa wawili kazi yao ilikuwa kushona mahema, watu wa jua kali kama shemeji tu. Angekuwa ni mmoja wa hawa wetu wenye mabango makubwa pale Thika Road angewaambia mimi nina upako, nyinyi mafundi wa mahema mtanifunza nini?

Halafu kuna wale wa "andiko huua", wanatoa hiyo 2 Wakorintho 3:6 kama rungu. Paulo hapo anaongea juu ya agano jipya na zile sheria zilichongwa kwa mawe, haongei juu ya diploma. Kitu inanichekesha ni kwamba ili ujue hivyo lazima usome sura yote badala ya nusu mstari, na hiyo ndio kitu ya kwanza kabisa shemeji alifunzwa.

"Theolojia ni maneno ya wazungu."

Hapa sitakaa sana. Alexandria huko Misri kulikuwa na shule ya kufunza imani karne ya pili, na Augustino, yule kila mtu humnukuu, alizaliwa na akafia nchi tunaita Algeria sahii. Kwetu hapa ni kweli wamishonari ndio walianzisha, sikatai, ile shule ya 1903 pale Freretown, Mombasa, mahali walikuwa wamepewa makao watumwa walioachiliwa huru, ndio ilihamia Limuru 1930 na leo ni St. Paul's University. Lakini pia ni mtu wa Kitui, John Mbiti, alitoka hapa akachukua udaktari Cambridge 1963 na akatumia maisha yake kuonyesha kwamba babu zetu walikuwa wanamjua Mungu kabla mmishonari yeyote ashuke kwa meli. Malalamiko yangu mimi ni tofauti: vitabu vingi darasani bado ni vya Kiingereza kigumu, na pasta anahubiri Kiswahili na Kikamba. Anasoma usiku kwa lugha moja, Jumapili anatafsiri kichwani akiwa amesimama. Hiyo ndio shida ya ukweli na haiongelewi.

"Lazima uache kazi miaka minne ukakae bwenini."

Hii imezuia watu wengi sana na inaniuma. Padri wa Kikatoliki ndio, yeye anapitia falsafa na theolojia, miaka saba minane hivi, na kanisa ndio linamlea. Lakini mtu ako na bibi, watoto wanne na nyumba ya kulipa Kayole, utamwambia aache kazi aende wapi?

Sasa skiza, hii shida si ya Kenya peke yake na si ya jana. Guatemala, mwaka wa 1963, seminari moja ya Presbiteri iligundua kwamba vijana wanaosomea mjini hawataki kurudi kijijini, na wale wazee wenye kanisa zinawategemea kabisa hawawezi kuacha mashamba na familia. Wakageuza mambo, badala ya mwanafunzi kufuata shule, shule ikamfuata mwanafunzi. Unasoma kitabu chako nyumbani pole pole, mara moja kwa wiki mnakutana na mwalimu mnakibishania, halafu unaenda kukifanya kwa kanisa yako na kurudi kusema imeendaje. Hiyo njia ikasambaa ikafika Afrika, na hata zile kanisa za kiafrika tunaziita za akorino na wengineo, muungano wao wenye makao hapa Nairobi umeitumia kufunza viongozi wao, wengi hawakuwahi kuona ndani ya chuo.

Shemeji naye ni hivyo tu. Kitabu kiko kwa kiosk kando ya mashine, kina alama za vidole nyeusi kila ukurasa. Saa saba wenzake wakienda kula yeye anasoma kurasa nne. Kuna siku alipeleka darasani swali limetoka kwa mteja wa geti.

"Setifiketi ni setifiketi."

Ai, hapana. Semina ya siku tatu kwa hoteli, unalipa, unavaa joho unapigwa picha, na Jumatatu bango limebadilishwa unaitwa Daktari Askofu. Digrii ya heshima ni asante tu, haisemi umesoma, na hata hiyo asante inafaa itoke kwa chuo chenye kibali cha kutoa digrii. Hapa Kenya vyuo vikuu vinasimamiwa na tume ya elimu ya vyuo vikuu, kwa ile sheria ya 2012, na shule za theolojia Afrika zina chombo chao cha kukagua ubora, ACTEA, tangu 1976. Kabla ulipe karo uliza ni nani amewakagua, nani anafunza na yeye alisomea wapi. Wakianza kukujibu na maombi, rudisha pesa kwa mfuko.

Na hii nyingine inaumiza watu kimya kimya: "Ukishawekwa wakfu unaweza kufungisha harusi." Ukweli ni kwamba sheria ya ndoa ya 2014 inataka mhubiri awe na laisensi kutoka kwa msajili wa ndoa. Kuna wapenzi walifanya harusi nzuri kabisa, keki, gari tano, hema, halafu bibi anatafuta viza anaambiwa hiyo cheti haiko mahali popote. Hiyo kitu inafunzwa darasani kwa nusu saa.

Wanawake je, ati theolojia haiwahusu? Kanisa la Anglikana Kenya lilimweka Lucia Okuthe kuwa kasisi 1983, na 2021 likapata maaskofu wawili wanawake, Emily Onyango wa Bondo kama msaidizi na Rose Okeno wa Butere. Hiyo imeisha.

"Wapasta wote wakilazimishwa kusoma, hakutakuwa na Shakahola tena."

Hapa naomba mnivumilie juu hii ni ngumu. Baada ya 2023, ile miili zaidi ya mia nne ya wafuasi wa mhubiri mmoja, wengi walifunga mpaka wakafa njaa, kufukuliwa kule msitu wa Shakahola, Kilifi, kila mtu alitaka sheria, na wengi walitaja Rwanda, ambao 2018 walipitisha sheria ya kutaka kiongozi wa kanisa awe na digrii ya theolojia na wakafunga makanisa mengi. Naelewa hasira. Lakini digrii si chanjo. Mtu mwongo akisoma anakuwa mwongo mwenye maneno mazuri, na tumeona hapa hapa wenye vyeti wakinyang'anya watu shamba kwa jina la sadaka ya mbegu.

Kitu shule inafanya, kama ni shule ya kweli, ni kukutoa mahali hakuna mtu anaweza kukuuliza swali. Pasta wa kanisa ya mabati ni mfalme. Akisema jambo watu wanasema amina, na akikosea wanasema amina pia. Shemeji alikuwa na mama mshirika mgonjwa wa presha, aliombewa, akatangaza amepona na akaacha dawa, na shemeji alinyamaza kwa sababu ushuhuda ulikuwa umewasha kanisa yote. Hakumwambia aache, lakini pia hakumwambia aendelee. Akaongea hiyo stori darasani akijisifu kidogo. Pasta mwenzake kutoka Kawangware, mtu wa miaka hamsini na kitu, akamuuliza mbele ya wote, "Na akianguka, utasema nini kwa matanga?" Aliniambia darasa lilinyamaza mpaka ukaskia makanga huko chini wakiita watu wa Umoja.

Jumatatu iliyofuata alifunga kiosk akampeleka huyo mama kliniki mwenyewe, geti ya mtu ikachelewa na mteja akapiga kelele kweli kweli. Presha ilikuwa juu vibaya. Huyo mama ni yule yule alimwambia atarudi amekauka. Sahii anameza dawa kila asubuhi, na ukimuuliza juu ya pasta wake kusoma bado hajakubali sana, anasema siku hizi mahubiri yamekuwa mafupi, dakika arobaini tu, na maikrofoni haipigiwi kelele kama zamani.