Mbwa Anayenyonyoka Manyoya: Chanzo Kijulikane Kabla ya Kupaka Dawa

Katika mkoa wa Tabora, mbwa akianza kujikuna na kunyonyoka manyoya, mara nyingi hupakwa kwanza kile kilichopo nyumbani: oili chafu ya gari, mafuta ya taa, au maji yaliyolowekwa majani ya tumbaku, zao ambalo halikosekani Urambo, Kaliua na Sikonge. Tunawasihi wafugaji waache kabisa matibabu haya. Nikotini iliyomo kwenye tumbaku hupenya kwenye ngozi, hasa iliyochubuka, na mbwa anapojilamba huingia tumboni pia, akaanza kutapika, kutetemeka na hata kufa. Oili chafu nayo huunguza ngozi, na ile anayoilamba hudhuru ini na figo.

Chanzo kinachoonekana sana ni upele unaoletwa na utitiri usioonekana kwa macho, ambao huchimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Huanzia kwenye kingo za masikio, viwiko, tumbo na vifundo vya miguu ya nyuma, na muwasho wake humnyima mbwa usingizi. Kipo kipimo kidogo ambacho mwenye mbwa anaweza kukifanya mwenyewe: asugue ukingo wa sikio kwa vidole kwa sekunde chache, na mguu wa nyuma wa upande uleule ukianza kupigapiga kama unaojikuna, kuna sababu nzuri ya kushuku upele huu. Huambukiza mbwa wengine upesi, na wanaomshika mbwa huyo wanaweza kutokwa na vipele vinavyowasha mikononi na kiunoni, ambavyo kwa kawaida huisha mbwa akitibiwa.

Aina ya pili ya utitiri huishi ndani ya vinyweleo, na mtoto wa mbwa huipata kwa mama yake wakati wa kunyonya. Mbwa wengi wanao kidogo bila kuugua. Huzidi pale kinga ya mwili inapokuwa dhaifu, na mabaka yasiyowasha sana hutokea kuzunguka macho, mdomo na miguu ya mbele. Huu haumwambukizi binadamu. Fangasi, kwa upande wake, huacha mabaka ya mviringo na huwapata hata watoto wa binadamu kwa urahisi, wakati viroboto hunyonyoa zaidi mgongo karibu na mkia.

Kwa kuwa magonjwa haya hufanana, mtaalamu hukwangua ngozi kwa wembe butu hadi damu ianze kuchungulia, kisha huangalia alichokwangua kwa darubini. Utitiri wa upele unaowasha mara nyingi hauonekani kwenye darubini hata ukiwepo, ndiyo maana daktari anaweza kuamua kutibu kwa kufuata dalili.

Jambo linalotusumbua zaidi ni sindano ya ng'ombe ya ivamektini, dawa ya kuua minyoo na utitiri, inayonunuliwa duka la dawa za mifugo na kuchomwa kwa makadirio. Mililita moja ya dawa hiyo yenye nguvu ya asilimia 1 imekusudiwa ng'ombe wa kilo 50, na mbwa wengi wa kienyeji hawafiki hata nusu ya uzito huo. Zaidi ya hapo, wapo mbwa, hasa wenye damu ya collie (aina ya mbwa wa kuchunga kondoo), ambao hudhurika ubongo kwa kiasi ambacho mbwa mwingine hukivumilia. Kwa hiyo mbwa apimwe uzito, na afisa mifugo au daktari ndiye apange kiasi cha dawa. Tahadhari hiyohiyo ihusu sindano za kutuliza muwasho, kwani baadhi yake hushusha kinga na kuufanya utitiri wa vinyweleo na fangasi usambae.

Mbwa wote wa nyumba watibiwe pamoja hata kama mmoja tu ndiye anayejikuna. Gunia wanalolalia lichomwe, au lifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Chakula nacho kina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani: manyoya hujengwa kwa protini, na mbwa anayelishwa ugali mtupu hupungukiwa protini, na hata madini ya zinki, ambayo nafaka huzuia yasifyonzwe vizuri. Dagaa wa Kigoma waliooshwa mchanga na chumvi, wakachemshwa na kuchanganywa kwenye ugali, ni msaada mzuri usio na gharama kubwa.

Muwasho hupungua ndani ya wiki chache, lakini manyoya huchukua mwezi mmoja hadi miwili kurudi, na dozi zilizopangwa zisikatizwe kwa sababu tu mbwa ameacha kujikuna. Kwa utitiri wa vinyweleo, tiba huendelea hadi vipimo viwili vilivyopishana mwezi mmoja vionyeshe kuwa hakuna utitiri. Mbwa mtu mzima anayenyonyoka ubavuni pande zote mbili kwa usawa, bila muwasho, huku akinenepa, achunguzwe tezi na homoni badala ya kuongezewa dawa za upele.