Donge la damu, aspirini na mshtuko wa moyo: yasemwayo na yaliyothibitishwa

Dhana: Mshipa wa moyo huziba kwa mafuta kidogo kidogo, siku ukijaa ndipo mshtuko unapotokea.

Ukweli: Mafuta huandaa mahali tu. Kwa kawaida kinachoziba ghafla ni donge la damu. Utando unaofunika mafuta hayo ukutani mwa ateri (mshipa unaopeleka damu, hapa kwenye msuli wa moyo) hupasuka, chembe sahani (chembe ndogo za damu zinazoanzisha kuganda) hurundikana hapo, na damu huganda juu yake. Kwa hiyo hata ateri iliyobana kidogo inaweza kuziba ghafla. Wataalamu walibishana kwa miaka mingi: je, donge ndilo huua msuli wa moyo, au hutokea msuli ukishakufa? Mwaka 1980 Marcus DeWood na wenzake wa Marekani walichapisha picha za ateri zilizopigwa mapema. Kati ya wagonjwa 126 waliochunguzwa ndani ya saa 4 tangu dalili zianze, 110 walikutwa na ateri iliyozibwa kabisa.

Dhana: Aspirini ni ya kichwa na homa, haiwezi kumwokoa mgonjwa wa moyo.

Ukweli: Utafiti wa ISIS-2, uliochapishwa mwaka 1988, ulijaribu dawa mbili kwa wagonjwa 17,187 waliodhaniwa kupata mshtuko wa moyo, katika hospitali 417. Streptokinesi, uniti milioni 1.5 kwa dripu ya saa moja, huyeyusha donge. Aspirini ya mg 160 kila siku kwa mwezi huzuia chembe sahani zisishikamane tena. Katika wiki 5, waliokosa dawa zote mbili walikufa asilimia 13.2 kwa mshtuko na magonjwa mengine ya mishipa. Waliopata zote mbili, asilimia 8.0.

Wahariri wa jarida lililochapisha utafiti huo walipotaka matokeo yagawanywe kwa makundi madogo, watafiti waligawa pia kwa nyota za kuzaliwa. Kwa wenye nyota ya Mapacha na Mizani, aspirini ilionekana kudhuru kidogo! Ilikuwa bahati nasibu tupu, na tunawasihi wasomaji waikumbuke kila wanaposikia kwamba dawa fulani “haiwafai watu wa aina fulani” kwa sababu ya jedwali moja.

Mwenye maumivu ya kubana kifuani, kama hana mzio wa aspirini wala havuji damu, hutafuna mg 160 hadi 325 huku akipelekwa hospitali. Asimeze kizima kidonge chenye ganda la kulinda tumbo, maana huchelewa kufanya kazi.

Dhana: Basi kila mzee, hata asiye na ugonjwa wa moyo, anywe aspirini kila siku.

Ukweli: Hapana. Utafiti wa ASPREE, mwaka 2018, ulifuatilia wazee 19,114 wa Australia na Marekani wasio na ugonjwa wa moyo. Mg 100 kwa siku hazikupunguza magonjwa ya moyo na mishipa kwa kiwango cha kuaminika, ila zilizidisha uvujaji mkubwa wa damu. Aliyeandikiwa na daktari baada ya mshtuko asiache kwa sababu hii. Hali yake ni nyingine.

Dhana: Donge la mguuni hupanda likaziba ateri ya moyo.

Ukweli: Donge la kwenye vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) likichomoka hupita upande wa kulia wa moyo na kukwama mapafuni. Matibabu yake hasa ni dawa za kuzuia damu isigande: heparini, warfarini na jamii zake. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, omba daktari apime vena kwa ultrasaundi. Ukikosa pumzi ghafla, nenda hospitali saa hiyo hiyo.