Mkristo anaposema "Mungu anatawala" ana maana gani?

Kauli hii husikika sana nyakati za uchaguzi, bei zinapopanda, au redio inapoleta habari za vita. Wengine huisema kama kutuliza watoto. Katika imani ya Kikristo ni tamko zito kuliko hapo: hakuna mwenye cheo duniani aliye na neno la mwisho, na aliye nalo ni Mungu.

Wakatoliki wana sikukuu yake, Kristo Mfalme, Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, majuma ya kujiandaa kwa Krismasi. Papa Pius XI aliianzisha Desemba 1925. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeziangusha himaya za Ujerumani, Austria, Urusi na Uturuki, na kule Italia Mussolini alikuwa madarakani tangu 1922. Watu waliopoteza wafalme walikuwa tayari kumkumbatia yeyote anayepaza sauti. Nabii Isaya naye anasema alimwona Bwana katika kiti cha enzi "mwaka ule aliokufa mfalme Uzia". Uzia alitawala Yerusalemu miaka 52; wengi hawakuwahi kumjua mfalme mwingine. Kiti kimoja kikiwa wazi, nabii anaonyeshwa kingine.

Sisi wa Mwanza tunalielewa hili bila kwenda mbali. Ntemi wa Kisukuma hakuwa mtawala tu, alikuwa pia na dhamana ya mvua. Mvua ikigoma, lawama zilimwangukia yeye, na aliweza kuondolewa. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, na ngoma na viti vya watemi ukitaka kuviona nenda makumbusho ya Bujora, Kisesa. Matarajio yenyewe, kwa maoni yangu, hayakufutwa. Bado tunamdai mbunge mvua, na akishindwa tunatafuta mwingine wa kumdai hiyo hiyo. Zaburi ya 146 inakataa tabia hiyo waziwazi: "Msiwatumainie wakuu." Haisemi wakuu wote ni wabaya. Inasema pumzi yao hutoka, na mipango yao huishia hapo.

Sasa mchukue mama anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mbalamwezi ikiwa kali, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inakaa ufukweni siku kadhaa na pesa inasimama. Marejesho ya mkopo wa kikundi hayangoji mwezi. Tumaini la Kikristo halimwambii kwamba deni litajilipa, wala kwamba akitoa sadaka kubwa mkopo utayeyuka (wanaohubiri hivyo wapo, na wao hawalali na njaa). Yesu alipowakataza wanafunzi kuhangaikia chakula na mavazi, alisema Baba yao anajua kwamba wanavihitaji, kisha akawaambia watafute kwanza ufalme wake na haki yake. Hofu ya mama huyu inabaki, ila haikabidhiwi usukani. Haimlazimishi kuuza kura yake kwa kanga, wala kupunja kipimo ili kufidia hasara ya wiki.

Kuna wanaonukuu maneno ya Yesu, "Ufalme wangu sio wa ulimwengu huu", kana kwamba Mkristo ameambiwa akae mbali na mambo ya serikali. Wangeendelea kusoma. Sura inayofuata, Yohana 19, Pilato, gavana wa Kirumi, anajigamba kwamba ana mamlaka ya kumfungua Yesu au kumsulubisha, na Yesu anamjibu kwamba asingekuwa na mamlaka yoyote kama asingepewa kutoka juu. Mamlaka ya kupewa ni dhamana, na mwenye dhamana huulizwa. Kwa hiyo anayeamini kwamba Mungu anatawala anaweza kumwombea diwani wake Jumapili, na Jumatatu akasimama kwenye mkutano wa mtaa kumuuliza ushuru wa soko umekwenda wapi.